Themostati Haikuundwa kwa Ajili ya Baridi

Imani kwamba themostati ni kifaa cha nchi za baridi, na kwamba gari lililotumika likishatolewa bandarini Dar es Salaam au Mombasa ni lazima liondolewe kifaa hicho kabla halijaanza kazi, imeenea kiasi kwamba katika gereji nyingi za Afrika Mashariki haijadiliwi tena, bali hutekelezwa pamoja na kubadilisha oili na plagi kana kwamba ni sehemu ya maandalizi ya kawaida. Mmiliki huambiwa kwamba Japani kuna theluji, kwamba huku kuna jua, na kwamba kifaa kinachoyazuia maji yasiende kupozwa hakina kazi mahali ambapo adui wa injini ni joto. Maelezo hayo ni mafupi, yanaeleweka upesi, na si ya kweli hata kidogo. Madhara yake humwangukia mtu aliyejinyima kwa miaka kadhaa ili apate gari lake la kwanza, tena humwangukia polepole, kwa namna inayomfanya asijue kamwe hasara yake ilianzia wapi.

Themostati ni vali ndogo inayotosha kiganjani, ambayo hufungwa mahali mpira mkubwa wa rejeta unapoungana na injini. Ndani yake mna kikopo cha shaba kilichojazwa nta, na katikati ya nta hiyo kuna kijiti cha chuma kilichovikwa mpira. Nta ikiwa baridi huwa ngumu, na springi huiweka vali imefungwa. Maji yanayoizunguka yakifika joto fulani, ambalo katika magari mengi ya Kijapani ni nyuzi 82 za Selsiasi, nta huyeyuka na kutanuka, hukisukuma kijiti, na vali huanza kuachia kidogo kidogo hadi iwe wazi kabisa maji yanapokaribia nyuzi 95. Themostati ya kawaida haina waya wala haihitaji umeme. Utaratibu huu wa nta, uliobuniwa na Sergius Vernet nchini Marekani katika miaka ya 1930, umedumu hadi leo kwa sababu ni rahisi na haukosei mara kwa mara. Kazi yake haiishi injini inapopata moto. Gari linapopanda mlima vali hujifungua zaidi, linaposhuka hujibana, na wakati wote wa safari hupima ni kiasi gani cha maji kipelekwe kwenye rejeta ili joto la injini lisipande wala lisishuke kupita kiwango chake. Ni kidhibiti cha joto kwa pande zote mbili, na kukiita kifaa cha kupasha moto ni kukielewa nusu.

Hoja ya hali ya hewa, ambayo ndiyo nguzo ya imani yenyewe, haihimili hesabu. Injini imeundwa ifanye kazi maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi, wakati ndani ya silinda mafuta yanapowaka joto la gesi hupita nyuzi 2,000. Mbele ya viwango hivyo, tofauti kati ya asubuhi ya Dar es Salaam yenye nyuzi 26 na asubuhi ya Tokyo yenye nyuzi 5 ni tofauti ya dakika chache za kuipasha injini. Hakuna mji duniani ambako hewa hufika nyuzi 82, kwa hiyo hakuna mji ambako hewa ya nje inaweza kuifanya kazi ambayo themostati hufanya. Isitoshe, Japani yenyewe si nchi ya theluji mwaka mzima: tarehe 23 Julai 2018 mji wa Kumagaya, ulioko kaskazini-magharibi mwa Tokyo, ulipimwa nyuzi 41.1, na majira ya joto ya Tokyo, Nagoya na Osaka huvuka nyuzi 35 mara kwa mara, joto ambalo Dar es Salaam hulifikia kwa nadra sana. Gari lililopita miaka minane ya majira hayo likiwa na themostati yake, kisha likaletwa Temeke au Likoni, limehamia mahali ambako siku kali za jua si kali kama zile lilizozizoea.

Ghuba ya Uarabuni inatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Maskati na Dubai, ambako joto la mchana katika miezi ya Juni na Julai huweza kupita nyuzi 45, Land Cruiser na Hilux hupita jangwani zikiwa na themostati, na hakuna fundi wa huko mwenye kujua kazi yake anayeziondoa. Watengenezaji walipozifikiria nchi za joto hawakukifuta kifaa hicho. Walitengeneza aina inayofunguka mapema zaidi, na ndiyo maana katika maduka ya spea hupatikana themostati zenye namba tofauti, kama 76.5, 82 na 88, zilizogongwa kwenye bati lake, kila moja ikitaja joto ambalo vali huanza kufunguka. Nchi yenye joto kali, kwa mhandisi, inahitaji namba nyingine. Hata hiyo si hoja ya Afrika Mashariki nzima, kwa maana Makete hupata sakitu mwezi Juni na Julai, na Limuru, Kabale, Mbeya na Njombe zina asubuhi ambazo mkazi wa Osaka angeziita za baridi.

Haikosi kusemwa kwamba vipo vitu katika gari la Japani ambavyo kweli viliwekwa kwa ajili ya Japani, na pengine hapo ndipo kosa lilipopata mlango wa kuingilia. Redio ya gari hilo hushika masafa ya megahezi 76 hadi 90, au 95 kwa zile mpya, ilhali vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 88 na 108, kwa hiyo fundi hufunga kifaa cha kubadili masafa na mmiliki husikia vituo vyake. Hilo ni rekebisho halali. Tairi za majira ya baridi, ambazo magari ya kaskazini mwa Japani huja nazo, ni halali zaidi kuondolewa, kwa sababu mpira wake ni laini, umetengenezwa ushike barafu, na juu ya lami yenye moto huchakaa upesi na hupunguza uthabiti wa gari katika breki na kona. Ajabu ya mambo ni kwamba tairi hizo, ambazo ndizo kifaa cha nchi za baridi kwa maana halisi, huachwa zikae kwa sababu kashata zake bado nene na zinapendeza macho, huku themostati, ambayo haina uhusiano wowote na theluji, ikitupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mmiliki huondoka gereji akiwa ameondolewa kinga na ameachiwa hatari.

Dai la pili la imani hii, kwamba gari lisilo na themostati haliwezi kuchemsha kwa sababu maji yanapita bila kizuizi, linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa ndilo linalowashawishi hata wamiliki wasioamini habari za theluji. Katika injini nyingi za Toyota zilizojaa barabarani, zikiwamo za familia ya NZ zilizomo ndani ya Vitz, IST, Fielder na Probox, themostati huwekwa upande wa mpira wa chini, pale maji yanaporudi kutoka kwenye rejeta, na huwa na sahani mbili. Sahani kubwa hufunga na kufungua njia ya rejeta. Sahani ndogo, iliyo upande wa pili wa springi, hushughulika na njia ya mkato, yaani mfereji unaoyarudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta, ambao huhitajika injini ikiwa baridi ili maji yaendelee kuzunguka ndani yake. Injini ikipata moto, sahani kubwa hufunguka na ile ndogo huiziba njia ya mkato, hivyo maji yote yenye moto hulazimika kwenda kupozwa. Fundi anapoing'oa themostati huziondoa sahani zote mbili kwa pamoja. Njia ya rejeta hubaki wazi, na njia ya mkato hubaki wazi pia, na kwa kuwa maji hufuata njia iliyo nyepesi, sehemu yake hurudi injinini ikiwa na moto wake uleule.

Katika foleni ya Ubungo au ya barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi, ambako injini hufanya kazi ndogo, upungufu huo hauonekani, na mmiliki huamini kwamba ameshauriwa vyema. Hujitokeza siku gari linapobebeshwa watu watano na mizigo ya sikukuu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, likaanza kuupanda mlima Kitonga kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, nyuma ya lori lililojaa, kwa mwendo ambao hauleti upepo wa kutosha kwenye rejeta. Au linapopandisha ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru. Hapo ndipo kila lita ya maji inapohitajika ipite kwenye rejeta, na hapo ndipo sehemu yake inapozungukia njia ya mkato. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinasema wazi kwamba injini yenye tabia ya kuchemsha isiondolewe themostati, kwa sababu kufanya hivyo hupunguza uwezo wa kupoza. Onyo hilo liliandikwa na walioiunda injini, na kinyume chake hurudiwa kila siku na watu ambao hawakupata nafasi ya kulisoma.

Ni vyema pia kukiri kwamba baadhi ya watetezi wa themostati huitetea kwa hoja mbovu, wakisema kwamba bila hiyo maji hupita kwenye rejeta haraka mno hata yakakosa muda wa kupoa. Maji yanayopita haraka hurudi haraka vilevile, na jumla ya joto linalotolewa haipungui kwa sababu ya kasi. Ukweli ni njia ya mkato iliyoachwa wazi, na anayeupinga uongo kwa uongo mwingine huwapa wapinzani wake sababu ya kutomsikiliza.

Madhara yaliyo mengi zaidi, hata hivyo, hayatokani na injini kuchemsha. Yanatokana na injini kutopata moto wa kutosha. Gari la leo huongozwa na kompyuta ambayo hupokea taarifa ya joto la maji kutoka kwenye sensa, na kompyuta hiyo ikisoma nyuzi 55 au 60 huamini kwamba injini bado inapashwa, kwa hiyo huongeza petroli, kama vile kabureta za zamani zilivyofungwa choki asubuhi, na katika magari mengi ya gia za otomatiki huchelewesha hatua ya mwisho inayopunguza mzunguko wa injini katika mwendo mrefu. Sehemu ya petroli hiyo ya ziada haiungui. Huteleza kwenye kuta za silinda, huosha utando wa oili unaozilinda, kisha huingia katika oili yenyewe na kuipunguza nguvu. Mvuke wa maji unaotokana na uunguaji nao hubaki ndani, kwa kuwa oili haipati joto la kuufukuza, na baada ya muda chini ya mfuniko wa oili huonekana utando mzito wa rangi ya maziwa yaliyochanganyika na chai. Utando huo umewagharimu wamiliki wengi mara mbili, kwa maana fundi asiyejua kwamba themostati haipo huuona, hutangaza kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa, na injini iliyokuwa nzima hufunguliwa bila sababu.

Dalili nyingine iko mbele ya macho ya dereva kila siku. Magari mengi madogo, kama Vitz na Passo za matoleo ya karibuni, hayana mshale wa joto bali yana taa mbili: nyekundu ya injini iliyochemka, na ya bluu inayosema kwamba injini bado ni ya baridi. Katika gari lililo salama taa ya bluu huzimika baada ya dakika chache. Katika gari lililong'olewa themostati hukaa kwa muda mrefu, na wakati wa kushuka mlima asubuhi huweza kuwaka tena gari likiwa katika mwendo, jambo ambalo madereva wengi wamelizoea hata wakaiona taa hiyo kuwa alama ya gari lenye afya. Kwa magari yenye mfumo wa kujipima, kompyuta huweza kuwasha taa ya injini na kuhifadhi msimbo P0128, ambao maana yake ni kwamba maji hayafikii joto linalotarajiwa, na wapo wanaoishia kubadilishiwa sensa nzima kabisa ili taa hiyo ifutike. Upande wa magari ya haibridi, yaani yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja kama Prius na Aqua, hasara ni dhahiri zaidi: kompyuta yake haikubali kuizima injini na kuliachia gari litembee kwa umeme kabla injini haijapata joto, kwa hiyo mmiliki aliyelinunua gari hilo kwa ajili ya kubana mafuta hubaki na injini inayonguruma kwenye kila taa ya barabarani.

Haitakuwa haki kuwalaumu mafundi kana kwamba walikusudia kuharibu. Themostati iliyochakaa wakati mwingine hukwama ikiwa imefungwa, na injini huchemsha. Katika enzi za magari ya kabureta yasiyo na kompyuta, kwenye barabara za vumbi zilizokuwa mbali na duka lolote la spea, kuing'oa na kuendelea na safari lilikuwa jambo la busara. Mwanagenzi aliyemwona bwana wake akifanya hivyo aliurithi mkono bila kurithi sababu, na alipokuwa bwana naye aliwafundisha wengine, mpaka hatua ya dharura ikawa kanuni. Zaidi ya hayo, fundi wa Gerezani au wa Barabara ya Kirinyaga hufanya kazi akijua kwamba gari likichemsha wiki moja baada ya kutoka mikononi mwake atatafutwa yeye, na kwamba petroli iliyozidi kwa miaka mitano haitamrudia mtu yeyote. Kwake yeye kuiondoa themostati ni bima. Tatizo ni kwamba bima hiyo hulipwa na mmiliki, tena bila kuulizwa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo desturi hii hulificha. Gari lililotumika likifika likiwa na tabia ya kupandisha joto, tabia hiyo ni habari: huenda rejeta imeziba, feni haizunguki kwa kasi yake, pampu ya maji imelika, au mfuniko wa rejeta umeshindwa kubana. Themostati ikiondolewa, mshale hushuka kidogo katika mwendo wa mjini na habari hiyo hunyamazishwa, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Wiki za mwanzo, ambazo ndizo wakati mwafaka wa kulijua gari na kulirekebisha kwa gharama ndogo, hupotea hivyo. Anayejitetea kwamba gari lake limetembea miaka mitano bila themostati na halijachemsha hasemi uongo, lakini hajibu swali lililoulizwa, kwa kuwa hajapima petroli aliyoichoma, hajafungua injini kuona utando wa ndani, na huenda hajawahi kulibebesha mzigo kupanda Kitonga.

Ndugu wa imani hii ni ile inayosema kwamba kulanti, yaani kimiminika cha rangi kinachotiwa kwenye rejeta, ni dawa ya barafu tu na kwamba maji ya bomba au ya kisima yanatosha. Kulanti huzuia kuganda, ni kweli, lakini pia hupandisha kiwango cha kuchemka na hubeba dawa za kuzuia kutu, ambazo rejeta na silinda hedi za aluminiamu haziwezi kuishi bila hizo. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi huila aluminiamu. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji matupu huchemka yakiwa na nyuzi 94 au 95, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko wa rejeta pamoja na kulanti iliyochanganywa kwa kipimo. Kwa mkazi wa nyanda za juu, kumwaga kulanti ya Japani na kutia maji ya bomba ni kupunguza nafasi ndogo aliyonayo.

Mmiliki aliyetoa gari bandarini hahitaji kubishana na fundi kwa nadharia, kwa sababu themostati hupimika jikoni. Hufungwa uzi, huning'inizwa ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako chake, kipimajoto huwekwa pembeni, na moto huwashwa. Maji yakikaribia namba iliyogongwa kwenye bati, vali huanza kuachia mwanya mwembamba kama unene wa ukucha. Yakikaribia kuchemka, mwanya huo huwa karibu sentimita moja. Sufuria ikiteremshwa na maji yakaachwa yapoe, vali hujifunga yenyewe. Ikifanya hivyo ni nzima na haina sababu ya kutolewa. Isipofanya hivyo hununuliwa nyingine yenye namba ileile, pamoja na mpira wake wa kuzibia, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kuchonga silinda hedi. Inaporudishwa, kitundu chake kidogo chenye kijipini hugeuzwa upande wa juu, au upande uliotajwa na kitabu cha gari, ili hewa ipate pa kutokea. Kulanti hutiwa polepole, injini huachwa ingurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe, kisha mfuniko hufungwa na kungojwa feni iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na hewa inayobaki ndani kwa kurukwa kwake ndiyo hupandisha mshale siku ya pili na kumrudisha mmiliki gereji akiwa ameshawishika kwamba themostati mpya ndiyo iliyoleta balaa.